Ugonjwa Usio wa Waride

Mtu akiumwa jino hushika shavu, watu wakamwonea huruma. Akiumwa tumbo hujikunja, akachemshiwa tangawizi. Bashiru alikuwa anaumwa mahali ambapo hapashikiki mbele za watu: kwenye msamba, pale hasa mwanamume anapokalia kiti cha pikipiki. Maumivu yakipanda yalishika kinena, yakishuka yalivuta pumbu kama mtu anayevuta kamba kwa ndani. Kwa hiyo hakushika popote. Alikunja uso tu, na watu wakasema Bashiru wa siku hizi ana kiburi.

Asubuhi ile alikalia tako moja kwenye benchi la zahanati ya kijiji chao, kijiji cha ndani ndani upande wa Mtunda, katikati ya kina mama walioleta watoto kupimwa uzito. Angejua ni siku ya kliniki asingekuja. Lakini usiku kucha alikuwa akitoka kwenda kukojoa, anasimama pale nje anangoja, linatoka tone, tone lenyewe linaunguza.

Zahanati ile ilizinduliwa mara mbili na wakubwa wawili, kila mmoja akakata utepe wake na kula mbuzi wake. Darubini ya kupimia haikuzinduliwa hata mara moja. Ilikuwa ndani ya boksi inangoja mtaalamu, mtaalamu anangoja kibali, na kibali kilikuwa juu ya meza ya mtu ambaye hajapata kukojoa moto maishani mwake.

"Bashiru!" tabibu aliita kutoka chumbani. Mlango haukuwa na pazia. "Umerudi tena?"

"Nimerudi, daktari," Bashiru akajibu, akaingia.

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Vidonge ulimaliza?"

"Nilimaliza. Nilipata nafuu kidogo, halafu ikarudi."

Tabibu alikuwa kijana, peke yake kwa kijiji kizima. Yeye ndiye aliyezalisha, yeye ndiye aliyeshona waliokatwa mapanga, yeye ndiye aliyegawa vyandarua. Ukutani kwake palibandikwa mchoro wenye mishale. Mwanamume akija na maumivu ya njia ya mkojo, mshale ulikwenda kwenye sindano na vidonge; mshale wa pili ulikwenda kwa mwenzi wake, naye atibiwe. Mshale wa tatu ulisema kama haponi apelekwe mbele akapimwe, lakini pale karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa, na hakuna aliyeleta nyingine.

"Mwenzako alikuja kuchomwa?"

"Alikuja. Kila mara ulipomwita."

Kijana akasugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nje watoto walikuwa wanalia. "Sasa sikiliza, kaka. Mie nakuchoma, unapata nafuu. Ukirudi nyumbani unakuja nayo tena. Jiulize mwenyewe, yule anaitoa wapi?"

Aliisema kwa sauti yake ya kila siku. Pale benchini, mama mmoja aliyekuwa akimfunga mtoto kanga alisimama hivyo hivyo, ncha ya kanga mkononi, ili asikose jibu.

Jibu halikutoka. Bashiru alipokea vidonge vyake, akapita mbele ya kina mama kwa mwendo wa kujikaza, na neno lile likamfuata mpaka kwenye pikipiki.

*

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa njia panda, mbele ya bomba la maji. Abiria wao walikuwa watu wa kwenda Nyamisati kupanda boti za Mafia, barabara ndefu yenye mashimo, na kila shimo Bashiru alilijua kwa msamba wake. Siku hiyo alifika akashuka, akaegemea mti wa mkorosho, hakukaa.

"Oya, kiti kina miiba?" Mudy akamwuliza. Huyu alikuwa kijana aliyekaa Dar miezi michache, akarudi na maneno mengi kuliko fedha.

"Mwache mwenzako," akasema Saidy. Saidy alikuwa mkubwa wao pale kijiweni, na rafiki wa Bashiru tangu jando. "Hiyo ngiri. Baba yangu alikuwa nayo. Ulikunywa ile mizizi niliyokuelekeza?"

"Nilikunywa. Niliharisha tu."

"Na zahanati wanasemaje?"

Bashiru alichungulia tangi la mafuta.

"Basi kama mizizi imeshindwa si ngiri," Saidy akasema polepole. "Hiyo ni ya kuletewa."

"Kuletewa na nani?"

"Mie sisemi. Ila wewe kutwa uko njia ya Nyamisati. Mkeo kutwa yuko nyumbani anasuka ukili. Mikeka ile nani anakuja kuinunua?"

Kila mtu alimjua mnunuzi wa mikeka. Alikuwa Feisal, kijana mwenye gari dogo na marashi, aliyepita vijijini kukusanya mikeka ya ukindu apeleke mjini. Alipofika kwa Waride, mke wa Bashiru, alikalia kigoda uani, akachagua, akabishana bei, akacheka. Bashiru mwenyewe alikuwa amemkuta mara nyingi, wakanywa naye chai.

Kamba ile ya ndani ikavuta. Bashiru alifumba macho, na katika kuyafumbua akasema, "Waride kaniletea gono. Zahanati ndivyo walivyoniambia."

Sivyo walivyomwambia. Lakini maumivu yasiyo na jina ni mzigo mzito, na mtu akipata wa kumtwisha hutwisha kwanza, akatazama baadaye.

"Eh!" Mudy akapiga kofi paja. "Mikeka ina mambo!"

Wakacheka. Upande wa pili wa barabara, bombani, wanawake waliokuwa kwenye foleni ya ndoo waligeuza shingo zote kwa pamoja.

*

Waride alirudi na ndoo tupu. Bashiru alikuwa chumbani amelala ubavu. Akamsikia akiitua ndoo, akangoja amsikie akienda jikoni. Hakwenda jikoni.

"Bashiru. Ulisema nini kijiweni?"

"Nimesema nini?"

"Usiniulize mie. Bombani wameniambia nichote mwisho, tena nikae mbali, ndoo yangu isiguse ndoo zao. Bi Ashura, mtu mzima niliyemkanda miguu akiumwa, ameivuta ndoo yake kwa mguu."

Bashiru akaketi, akauma meno. "Na mie nikuulize. Unaitoa wapi?"

"Nini?"

"Hii."

Waride alikuwa mwanamke wa maneno machache. Miaka yote ile mama na shangazi za Bashiru walimpikia kila mzizi ulioota kati ya Mtunda na mto, ili azae, naye akanywa, akatapika, akanywa tena. Siku ile ndipo Bashiru alipoyasikia maneno yake aliyokuwa ameyaweka.

"Nimechomwa sindano kwa ajili yako, sikuuliza. Nimekaa kwenye benchi lile watu wananitazama, sikuuliza. Nimemeza vidonge mpaka nikaona kizunguzungu, nikasema ndiyo ndoa, mume akitibiwa na mke atibiwe. Hata siku moja sikukwambia, wewe Bashiru, unaitoa wapi? Na wewe ndiye unayelala Nyamisati boti ikichelewa. Mie nalala hapa."

Lilikuwa neno la kweli, na ukweli ukimkuta mtu na maumivu humfanya mkali.

"Feisal anakuja hapa kununua nini?"

"Mikeka," Waride akasema. "Ile unayokula wewe."

"Nimekuacha."

Kuku alikuwa ameingia chumbani. Waride akamfukuza kwanza kwa mguu, taratibu. "Umeniacha ngapi?"

"Moja. Talaka moja."

"Umepima vizuri. Umejibakishia mlango."

Akafunga nguo zake kwenye kanga. Bashiru alisema atampeleka kwao Nyamwage kwa pikipiki. Waride akasema, hasha, atatembea mpaka barabara kubwa. Akatembea. Alipita mbele ya kijiwe na mbele ya bomba, hakuharakisha.

*

Ni kawaida ya wakubwa kuja wakati maji yamekwisha kumwagika. Waride alikuwa kwa kaka yake, eda yake imekwenda zaidi ya nusu, ndipo gari la matangazo lilipopita vijijini na spika juu: madaktari bingwa wamefika Kibiti, ni siku chache tu, wote mnakaribishwa, tezi dume, presha, sukari, macho. Walikuja na fulana na kofia za kugawa. Mwaka mzima hapakuwa na daktari wa namna ile, na baada ya siku zile chache hatakuwepo tena, lakini fulana zingebaki.

Bashiru alikwenda. Hali yake ilikuwa imezidi. Pikipiki aliiendesha amesimama kama mtu wa sarakasi, na safari ndefu aliwaachia wengine. Nyumbani alikuwa akila muhogo wa jana kwa pilipili nyingi ili ushuke, na pilipili ilikuwa ikimtesa zaidi, hajui.

Foleni ya wanaume ilizunguka jengo. Karibu wote walikuwa wazee.

"Ni kweli wanatia kidole?" mzee mmoja wa kofia ya kufuma akauliza.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Mie nimezaa watoto tisa, sijatiwa kidole."

"Basi nenda kwa watoto tisa wakupime," mwenzake akamjibu, na foleni ikacheka. Mzee wa kofia alicheka pia. Halafu akatoka kwenye foleni, akaenda kusimama kivulini, hakurudi.

Wakamgeukia Bashiru. "Na wewe kijana, hii si foleni yako. Yako ya watoto wanaoharisha."

"Nimemshikia mzee nafasi," Bashiru akadanganya.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, tumbo mbele, miwani imepanda kipajini. Alifunga mlango. Hilo ndilo jambo la kwanza Bashiru aliloliona, kwamba mlango umefungwa. Akaulizwa maswali ambayo hakuwahi kuulizwa. Inauma wapi, niwekee kidole hapo. Tangu lini. Ukikojoa je. Ukiwa na mkeo, mwisho wake, inauma? Bashiru alitazama sakafu. Akasema ndiyo, inauma, na kwa sababu ya kuuma alikuwa amemkimbia mkewe hata kabla ya mambo yote, anajifanya amesinzia.

Mkojo wake ukapimwa. Damu ikapimwa. Halafu akaambiwa apande kitandani alale ubavu, akunje magoti. Alisoma kila sura aliyoijua, na zilikwisha kabla ya daktari. Palipoguswa pale penyewe aliruka kama aliyepigwa na umeme.

"Basi, basi. Vaa."

Bashiru alivaa akiwa amegeukia ukuta.

"Kaa. Au simama, kama kukaa kunauma. Kila mwanamume ana tezi ndani huko, ukubwa wa ndimu ndogo, chini ya kibofu. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Ndiyo inayotoa maji ya kusafirisha mbegu. Wazee inawakua. Wewe haikukua, imevimba. Ina hasira. Imevimba muda mrefu na misuli yote ya jirani imekaza, ndiyo maana unasikia kinena, kiuno, pumbu."

"Ni gono sugu?"

"Nani kasema gono?"

Bashiru alijifanya anatafuta kiatu.

"Wakati mwingine vijidudu huanzisha, sikatai. Lakini nimekupima, mdudu sijamwona. Huu uvimbe wa namna hii mara nyingi hauna mdudu kabisa. Ndiyo maana sindano zote zile zimepita bure. Mkeo hakukupa kitu, na wewe hujampa kitu. Yuko wapi, nje?"

"Yuko kwao."

"Mpigie aje, nimweleze na yeye. Wanawake huwa wanafikiri wamechukiwa."

"Kwao mbali," Bashiru akasema.

"Mna watoto?"

"Hatujajaliwa. Yeye…" Akasita. "Wamempa dawa nyingi."

"Na wewe ulipimwa?"

"Mwanamume anapimwa?"

Daktari alishusha miwani, akamtazama vizuri. "Hii inaweza kusumbua mbegu. Sisemi ndiyo imefanya hivyo, siwezi kujua leo. Nasema watu wawili wasipopata mtoto wanapimwa wawili."

"Nitapona?"

"Nisikudanganye. Hii si malaria. Ni ya kukaa nayo. Itapoa, itarudi, itapoa tena. Kalia beseni la maji ya moto ya kuvumilika, asubuhi na jioni. Pilipili acha. Pikipiki punguza, na kama una kazi nyingine fanya hiyo nyingine. Dawa hizi hapa hazipo, utanunua duka la barabarani. Na usiwaze sana, mawazo yanaikaza."

Kuwaza ndicho kitu pekee Bashiru alichotoka nacho bure. Dawa alinunua nusu. Alisimama kando ya barabara ya Kibiti, kifuko mkononi, na akili yake ikawa inasema neno moja kwa sauti ya daktari. Hakukupa kitu. Hakukupa kitu.

*

Abdulrazaq, kaka yake Waride, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na soda pale Nyamwage, kando ya barabara ya Lindi. Alimwona Bashiru akishuka, hakumpa kiti. Bashiru alishukuru kimoyomoyo.

"Shemeji, nimekuja kwa Waride."

"Waride yuko edani."

"Najua. Eda bado. Sheria inaniruhusu kumrejea."

"Inakuruhusu," Abdulrazaq akasema, akipanga spoku kwenye kopo. "Neno moja tu. Hata yeye asipotaka. Na ikiisha eda neno lako halina kazi tena. Utakuja kuposa kama mtu mwingine, na kwangu mie ndiko utakakoposa. Kwa hiyo wahi. Lakini kabla hujawahi, nataka unieleze. Dada yangu alikuja hapa amevimba macho, anasema ameambiwa ana gono. Nikampeleka kupimwa, nikalipa. Hana kitu. Hana hata minyoo. Sasa wewe mwenzetu ulilitoa wapi lile neno?"

Waride alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa uani. Miguu yake ilionekana chini ya pazia, na Bashiru aliieleza miguu ile. Alieleza tezi, uvimbe, mdudu asiyeonekana. Kidole alikiruka.

"Nimekosa, Waride. Nataka nikurejee."

Pazia halikutikisika. "Hapa umenieleza mie na kaka," Waride akasema. "Mie nilijua tangu mwanzo, na kaka amelipia vipimo. Wale wengine je?"

"Wepi?"

"Pale uliponivua nguo, ndipo ukanivike. Usije hapa na neno lako kabla ya hapo."

"Waride, ni kijiweni pale. Wanaume wote. Nitasemaje?"

"La mwanzo ulilisemaje?"

*

Alilala nalo, akaamka nalo. Ijumaa baada ya sala, kijiwe kilikuwa kimejaa, na bombani foleni ya ndoo imefika barabarani. Bashiru alisimama katikati ya pikipiki zilizoegeshwa.

"Nina neno."

"Kama ni mkopo, mimi sina," Mudy akasema.

"Ni la Waride. Waride hakuniletea kitu. Nilisema uongo hapa. Zahanati hawakuniambia nilivyowaambia. Feisal alikuwa ananunua mikeka, mnaijua, ndani mwenu imetandikwa."

Saidy, rafiki yake, akamsogelea, akamshika kiwiko, akanong'ona, "Inatosha. Sema ilikuwa ngiri, yaishe. Ngiri haina aibu. Sema ngiri twende tukanywe soda."

Mlango ule ulikuwa wazi kabisa. Ngiri ni ugonjwa wa wanaume, kila mtu ana babu aliyekuwa nayo; mtu wa ngiri hupewa pole na kiti. Bashiru alilitamani neno lile kama maji ya baridi. Lakini kama ni ngiri, Waride alichomwa sindano za nini? Wangesema ngiri ni yake, gono ni la mkewe.

"Si ngiri," akasema, na akapaza sauti ifike ng'ambo. "Ni tezi, imevimba ndani. Ni yangu mwenyewe, hakunipa mtu. Haiambukizi. Daktari wa Kibiti ameishika."

"Ameishikaje, iko ndani?" mmoja akauliza.

"Kwa kidole."

Kicheko kilipasuka. Mudy aliinama akashika magoti. "Kaka! Umepimwa oili!" Wengine walipiga honi. Bashiru alingoja. Aliwaacha wacheke mpaka wakaanza kuchoka, ndipo akaongeza lile ambalo hata Waride hakumtuma.

"Na mtoto, kama hatukupata, huenda ni mie. Yeye kanywa mizizi bure."

Hapo hawakucheka. Ingekuwa heri wangecheka. Walitazama matairi, mmoja akawasha pikipiki akaondoka bila abiria. Saidy aliachia kile kiwiko.

Ng'ambo, Bi Ashura, yule aliyeivuta ndoo yake kwa mguu, alikuwa amesimama mkono kiunoni. "Haya, tumekusikia," akasema. "Wewe umeyasema ya kwako. Sisi tuliotenga ndoo, nani atatusemea?" Foleni ikaendelea kusogea.

Tangu siku ile jina lake kijiweni likawa Kidole. Abiria wageni waliambiwa, "Panda na Kidole, hana haraka." Saidy hakuwa akilitumia jina hilo, lakini pia hakuwa akikaa naye.

*

Alirudi Nyamwage. Safari hii Abdulrazaq alimletea kiti, tena akaweka mto juu yake bila kusema kitu, na Bashiru akajua kwamba habari zimefika kabla yake. Barabarani habari hupanda malori.

Waride alitoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mtandio umefunika mabega. Alikuwa amenenepa kidogo. Bashiru aliona jambo hilo likamchoma, kwamba mtu amenenepa kwa kuwa mbali naye.

"Nimekuvika," akasema.

"Nimesikia. Wamenipigia simu wanne. Bi Ashura alilia kwenye simu. Ahsante, Bashiru. Sikutegemea."

"Basi nikurejee."

"Maji ya moto unakalia?"

"Nakalia. Yanasaidia. Siku nyingine nasahau kabisa kama naumwa. Halafu inarudi."

"Na pilipili?"

"Nimeacha."

Lori lilipita, vumbi likatua juu ya soda zilizopangwa. Waride alilifuta vumbi la ngazini kwa kiganja, akalifuta tena pale pale.

"Eda yangu inakwisha wiki hii," akasema. "Labda kesho, labda kesho kutwa. Kwa hiyo leo ukilisema neno lako, nimerudi. Sitakimbia. Nitafunga nguo zangu nije nikupashie maji, na hutasikia nikilalamika. Unanijua."

"Nakujua."

"Ndiyo. Nilikuwa nafikiri ukinivika nitarudi kuwa yule yule. Nilingoja nione. Umenivika, watu wameniomba radhi, na mie nikajikuta nafikiri kitu kimoja tu. Ulipoulizwa zahanati, anaitoa wapi, wale kina mama wa benchi wameniambia, hukusema hata neno moja. Hukusema, mke wangu simjui hivyo. Ulichukua vidonge ukaondoka. Kijana yule hanijui. Saidy hanijui. Wewe ulikuwa unanijua, Bashiru."

Bashiru alitaka kusema juu ya maumivu. Alitaka kusema juu ya darubini iliyokuwa ndani ya boksi, na karatasi iliyoliwa na mchwa, na wakubwa wenye fulana, na yote hayo yalikuwa kweli. Wangempima siku ya kwanza, wasingefika hapa. Lakini hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa chumbani siku ile aliposema talaka moja. Walikuwamo wao wawili na kuku.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuomba usilirudishe neno. Haki unayo, siikatai. Nakuomba tu. Ikipita eda, ukitaka, uje umwulize kaka, na mie niulizwe. Nikisema ndiyo, iwe nimesema mimi. Nikisema hapana, iwe hivyo hivyo."

"Utasema nini?"

"Sijui." Akainuka, akakung'uta kanga. "Labda nitasema hapana."

Akaingia ndani. Pazia likatulia.

Abdulrazaq alikuwa amesikia yote; duka lenyewe halina ukuta wa maana. Akaja akasimama mbele ya Bashiru, mikono ina grisi. "Niko hapa kama shahidi," akasema. "Na jirani yangu yule pale ni shahidi wa pili. Umerejea, hukurejea?"

Neno lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari limefika mdomoni. Nyuma ya pazia hapakusikika hata mlio wa bangili. Mtu aliyekuwa kule alikuwa amesimama, anangoja kama yeye. Bashiru alifikiria nyumba yake, beseni lake, usiku wa kutoka na kurudi peke yake gizani. Alifikiria maji yanavyochelewa kupata moto unapoyapasha mwenyewe huku unaumwa.

"Shemeji, nakuuliza."

"Sikusema kitu," Bashiru akajibu.

"Husemi?"

"Sisemi."

Akasimama taratibu, akishika meza, akautoa mto kwenye kiti na kumkabidhi shemeji yake. Akasukuma pikipiki mpaka ukingoni mwa lami, akaipanda bila kuikalia, akaondoka Nyamwage amesimama wima juu yake, watu wa pembeni wakimshangaa na kumwonyesha kwa vidole, na safari hii hakukunja uso.